Gharama ya Kufikisha Mboga Kaloleni

Manyatta, Kisumu
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Dada Mghoi,

Naomba usimame. Na Mama kama yuko hapo kibarazani, naye asimamishwe polepole, ashikwe mkono, kwa sababu ninalotaka kutangaza si jambo la kusikilizwa mtu akiwa amekaa. Baiskeli yangu imestaafu. Baada ya utumishi mfupi katika idara ya uchukuzi wa nyanya, imeondoka kazini kwa heshima zote, gurudumu la mbele likiwa limejikunja kama chapati ya mwanafunzi, na sasa imeegemezwa nyuma ya nyumba ambako kuku wa jirani wameanza kuienzi kwa namna yao. Hakukuwa na hotuba. Mke wangu Akinyi alisema tu, "Hiyo kitu isirudi barabarani," na mimi sikuuliza kama anasema baiskeli au anasema mume.

Haya, kaeni sasa. Hamjambo? Macho ya Mama yanaendeleaje tangu apewe yale matone? Mwambie asiyatie siku za kanisa tu kana kwamba ni manukato. Nasikia huko Wundanyi ukungu umeshuka mapema na kabichi zako zimefunga vizuri mpaka unazipigapiga mgongo kama watoto wachanga. Sisi huku tu wazima. Joto ni lile lile, mvua hutoka ziwani jioni bila kubisha hodi, na kiwiko changu kinapona.

Uliponipigia simu mwezi uliopita uliuliza jambo moja, salio likaisha kabla sijajibu. Ulisema kina mama wa kanisa lenu wanataka kuuza mboga kwa simu kwa watu wa Voi na kuwafikishia hadi mlangoni, na ulitaka kujua kama Akinyi anapata kitu katika biashara hiyo au anajichosha bure. Nimeamua kukujibu kwa barua. Kwanza, Mama hupenda kusomewa. Pili, kwenye simu wewe hunikatiza.

Unajua Akinyi aliuza nyanya na mboga za kienyeji pale soko la Kibuye tangu kabla sijamwoa. Alikuwa akiketi kwenye kigoda kifupi kutwa nzima, miguu imekunjwa, mpaka goti la kulia likaanza kugoma. Alipoenda kwao Kombewa wakampeleka hospitali, na daktari akamwambia wazi kwamba goti hilo likiendelea kukunjwa hivyo, itafika siku halitanyooka tena. Ndipo binti yetu akamfungulia kundi kwenye simu. Asubuhi Akinyi anapiga picha za osuga, ile mboga ninyi mnayoiita mnavu, kunde, nyanya, omena wale dagaa wa ziwani, mchele wa Ahero, anaziweka pale, watu wanaagiza, anayetaka nyama, samaki au vya dukani tunamnunulia, tunafungasha sebuleni, na mwendesha bodaboda anapeleka.

Kwa hiyo unaposoma haya yote, Dada, jua hatukuwa tunacheza duka. Biashara ya simu ikianguka, Akinyi anarudi kwenye kile kigoda. Hakuna njia nyingine, maana tangu kiwanda cha minofu ya samaki kifungwe, mimi huleta nyumbani maoni mengi kuliko mshahara.

Kuuza hakukuwa shida kabisa. Watu waliagiza. Shida ilikuwa kufikisha. Mwendesha bodaboda wetu anaitwa Ouma, mtu mzima mwenye watoto wanne na subira ya watu kumi. Ouma hulipwa kwa safari, na safari yenye fungu moja la sukuma wiki humlipa sawa na safari yenye gunia. Tena anakwenda na mzigo na kurudi mtupu, na pikipiki hainywi mafuta kidogo eti kwa sababu inarudi mtupu. Mwisho wa mwezi Akinyi alikuwa akitoa faida ya nyanya mkono wa kulia na kumpa Ouma kwa mkono wa kushoto.

Utasema, si wateja walipe usafiri? Nami nilisema hivyo. Lakini mtu wa Kisumu, Dada, atanunua nyanya kwa bei yoyote mradi apewe nafasi ya kulalamika kidogo. Ukimwambia hii ni bei ya nyanya, na hii hapa ni ya kuzileta, anahisi ameibiwa mchana kweupe. Mama mmoja wa Milimani alimuuliza Akinyi kwa upole kabisa kama hizo nyanya zilikuwa zimeketi kiti cha mbele. Basi tukaificha nauli ndani ya bei ya mboga. Wakaigundua siku ya pili, kwa sababu kila mtu huku ana shangazi Kibuye, na shangazi huyo anajua bei ya kitunguu kuliko anavyojua umri wake.

Hapo ndipo mimi, niliyekuwa karani wa kupakia malori ya samaki, nikakohoa na kusema, "Akinyi, hii ni kazi yangu." Yeye alinitazama kama unavyonitazama wewe ninapotaka kuchinja kuku.

Mchango wangu wa kwanza ulikuwa baiskeli. Haina mafuta, haina nauli, na daktari alikwisha kuniambia nipunguze tumbo. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri mno. Ila barabara hazipiti kwenye karatasi. Siku hiyo nilikuwa na debe la nyanya nyuma na mayai mbele, nilipofika karibu na Kondele ng'ombe mmoja akaamua kuvuka bila kushauriana na mtu. Mimi nikachagua mtaro, na mtaro ukachagua kiwiko changu. Watu walikuja mbio kunisaidia, yaani waliokota nyanya kwanza. Mama mmoja mwenye kibanda cha mahindi akaniuliza, "Jaduong', hizo ni za kuuza ama unapika hapo hapo?" Jaduong' ndiyo mzee kwa Kijaluo, na ndivyo wanavyoniita siku hizi; nilipokuja huku nilikuwa omera, yaani kijana mwenzetu, na sikumbuki nilibadilishwa lini.

Mchango wangu wa pili ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu ulionekana mzuri. Nilileta mzani. Nilimwambia Akinyi kwamba biashara yetu inavuja kwenye mikono yake, kila anapopima kilo anatupia nyanya mbili juu, na majani ya dania, na ndimu. Kiwandani kwetu kilo ilikuwa kilo. Nikapima kila kitu mpaka sindano ikasimama sawasawa, nikafunga, nikampa Ouma. Nilijiona nimeokoa nyumba.

Wiki hiyo Ouma alianza kuchelewa. Safari ya kwenda Milimani na kurudi, ambayo ni fupi hata kuku hawezi kumaliza kuatamia wazo, ikawa inamla asubuhi nzima. Wateja wa pili wanapiga simu, wa tatu wanaghairi, samaki wanalegea. Mimi nilisema Ouma ana mwanamke njiani. Kesho yake Akinyi alijifunga leso, akapanda nyuma ya pikipiki ya Ouma na lile goti lake, akaenda naye mzunguko mzima.

Aliporudi alijitupa kwenye kochi, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanisimulia. Gharama haikuwa barabarani, ilikuwa langoni. Ouma anafika, mama mwenye nyumba anatoka, anafungua mfuko, anatazama, anauliza, "Na nyongeza?" Ouma hana ruhusa ya kutoa hata jani. Anapiga simu kwetu, mimi napokea, namwambia kilo ni kilo. Mama anasema basi Ouma angoje mpaka Akinyi mwenyewe apokee simu. Na kwa kuwa mtu hawezi kusimamishwa juani mlangoni kwako kama mdai, Ouma anakaribishwa ndani, anapewa chai. Chai ya watu huwezi kuikataa, na huwezi kuinywa haraka kama unafukuzwa. Nyumba ya pili ni hivyo hivyo. Ouma wa watu alikuwa amekunywa chai mpaka anatembea akilia kama mtungi.

"Mwadime," Akinyi akaniuliza, "kwenu watu wanauziana bila nyongeza?"

Nikamwambia kwetu Taita kilo ni kilo. Tafadhali Dada, mkikutana usimwambie kwamba wewe mwenyewe hujawahi kuuza kabichi bila kuongeza karoti.

Namna alivyolitatua jambo hilo ilinifanya nianze kumtazama mke wangu upya, katika umri huu ambao mtu hudhani ameshamaliza kumtazama. Hakuurudisha mkono wake wa zamani wa kutupia nyanya ovyo. Alifunga vifurushi vidogo kwa jani la mgomba, ndani dania, pilipili mbili, na ndimu siku ambazo ndimu ni rahisi, vitu ambavyo jioni vingenyauka tu. Akamwambia Ouma asitoe mfuko kwanza. Atoe kifurushi, kwa mikono miwili, aseme, "Akinyi amesema hii ni yako." Baada ya hapo mfuko hata haukufunguliwa mlangoni. Chai ikaisha. Ouma akawa anarudi kabla sijamaliza kusoma gazeti, jambo ambalo mimi binafsi sikulifurahia.

Hiyo ikatupatia pumzi, lakini goti la Akinyi lilikuwa bado liko mashakani, kwa sababu safari zilikuwa zile zile nyingi. Na hapa ndipo Kaloleni inapoingia.

Kaloleni ni mtaa wa zamani wa nyumba za baraza la mji, nyumba zimeshikana mabega, watu wamekaa humo vizazi. Siku ile Akinyi alipopanda pikipiki aliona kwamba Ouma aliingia Kaloleni mara nne, kila mara na mfuko mmoja, kwa akina mama wanne ambao wangeweza kuombana chumvi bila kutoka vitandani. Akaniuliza, "Kama wote wangeagiza siku moja, mzigo ukafika nyumba moja, si ni safari moja?" Nikamwambia hiyo kwenye malori tulikuwa tunaiita mzigo kamili. Akasema yeye anaiita akili ya kawaida.

Kwa hiyo tukaenda kumwona Mama Risper, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama pale. Ni muuguzi mstaafu, mrefu, na sauti yake bado inapima joto. Wanachama hukutana kwake kila Jumamosi kuchangiana. Akinyi akamweleza mpango wake: watakaoagiza pamoja na kupokelea kwake, hawatalipa usafiri hata senti moja, wala hautafichwa popote. Nilitegemea ashukuru. Yeye akakoroga chai yake muda mrefu.

"Akinyi mwanangu," akasema, "wewe unataka watu waje kwangu, wakae kwa viti vyangu, kila mtu aone mwenzake amenunua nini?"

"Ni mboga tu, Mama."

"Ni mboga. Lakini kuna anayenunua nyama na kuna anayenunua chumvi. Sasa hivi kila mtu anajifungia mlango wake. Hiyo ya kujifungia mlango ndiyo watu wanalipia, si pikipiki."

Mimi nilikuwa na hesabu yangu mfukoni tayari kabisa kumwonyesha. Namshukuru Mungu kwamba Akinyi alinikanyaga mguu. Aliomba apewe wiki moja afikiri, akaaga. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama, akashika goti, akasema, "Huyo mama ameniambia ukweli ambao nilikuwa naujua. Nikiwa Kibuye wako waliokuwa wakinunua kwangu jioni tu, giza likianza, ili wasionekane wamebeba kidogo."

Unaona, Dada, mimi nilikuwa nikisoma gharama kama mtu anayesoma bei ubavuni mwa katoni. Akinyi alikuwa akiisoma kwenye uso wa mtu.

Wiki iliyofuata alirudi kwa Mama Risper na mifuko ya kitambaa, yote ya rangi moja na ukubwa mmoja. Wenye vitu vichache utajazwa magazeti yaliyokunjwakunjwa mpaka mfuko usimame kama wenzake. Mdomo utashonwa kwa uzi hapa hapa kwetu. Juu patakuwa na karatasi yenye jina, basi. Mama Risper akaubonyeza mfuko mmoja, akaunyanyua, akautikisa karibu na sikio kama anasikiliza mtoto tumboni. Akasema sawa, wajaribu Jumamosi moja. Ikiwa hata mama mmoja ataondoka pale ameaibika, mpango umekufa, na Akinyi asimfuate tena.

Ndivyo tulivyofika Jumamosi ya kwanza, ambayo nilikuambia wiki hii, katika ile simu yangu ya dakika moja, kwamba ilienda salama.

Nitarudi hapo. Kwanza nikujibu ulichouliza, maana najua utaruka uende mwisho. Mkianza huko Voi, msijidanganye kwamba mtu hatalipa usafiri; ataulipa tu, iwe kwa pesa, iwe kwa hasira, iwe kwa kuacha kununua. Afadhali safari zenyewe zipungue. Tafuteni mahali ambapo watu tayari wanakutana, kanisani au kwenye chama, mpeleke mzigo mara moja. Siku ya kuagiza ijulikane, si kila mtu aamke na kitunguu chake. Atakayepeleka awe mtu mnayemheshimu, kwa sababu ndiye uso wenu mlangoni. Na karoti yako, Dada, usiiache. Mimi niliiita hasara, nikaona ilivyokuwa ikitufungulia mlango.

Msalimie Mama sana, umwambie namkumbuka kila nikila ugali usio na mchuzi wake. Msalimie shemeji, na umwambie nasikia ameanza tena kuimba besi kanisani, kwa hiyo tunawaombea waumini. Msalimie mjomba wetu mwenye ng'ombe, umwambie nina maneno kidogo na ng'ombe kwa sasa lakini si ya kwake. Binti yetu anakusalimu shangazi yake na anasema soksi zilimtosha. Akinyi anakusalimu kuliko sisi sote, na ametia mbegu za osuga kwenye bahasha hii. Panda karibu na jiko.

Sasa kuhusu Jumamosi. Nilisema ilienda salama, na wewe ukasema, "Mwadime, sauti yako imepanda juu." Unanijua. Ilikwenda hivi.

Akinyi alifungasha na kushona. Mimi kwa sababu ya kiwiko nilipewa kazi nyepesi ambayo hata mgonjwa haharibu, kuandika majina. Nikaandika kwa hati yangu nzuri ya ukarani, nikabandika. Tukapakia kila kitu kwenye pikipiki ya Ouma kwa safari moja, sisi tukafuata kwa tuktuk. Sebule ya Mama Risper ilijaa, vitambaa vyeupe kwenye viti, chai imemiminwa. Nikasimama katikati nikaanza kuita majina kama mwalimu mkuu. Mambo yalikwenda vizuri mno mpaka nikajipenda.

Nikaita, "Mama Achieng." Wakasimama wawili.

Hebu fikiria, Dada. Nimeishi na Wajaluo miaka yote hii, nimeoa kwao, najua vizuri kwamba kila mtoto wa kike aliyezaliwa jua likiwaka anaitwa Achieng, na kwamba katika mji huu jua huwaka sana. Na bado nikaandika Mama Achieng mara mbili, mifuko miwili, basi. Mmoja wa wale wawili ni mke wa mtu mwenye malori, mnene, mcheshi, kicheko chake kinatangulia mlangoni. Wa pili ni mjane, mke wa marehemu mwalimu, aliyeongoza kwaya ya kanisa lao miaka mingi. Hukaa wima, nguo yake imepigwa pasi hata mahali pasipoonekana.

Mtu mwenye akili angewaita pembeni. Mimi nilisema hakuna shida, tutazame ndani. Akinyi alikuwa mlangoni na Ouma. Nilimsikia akisema, "Mwadime, ngoja," lakini nilikuwa tayari nimekata uzi.

Nilitoa magazeti kwanza, mengi, moja baada ya lingine, mbele ya wote. Chini yake kulikuwa na kikombe kimoja cha omena, vitunguu viwili, na pakiti ya chumvi. Nikaviweka mezani, karibu na sahani ya mandazi. Nikafungua mfuko wa pili, nikatoa nyama, mchele wa Ahero, mafuta ya kupikia, maziwa. Nikauliza, kwa sauti ile ile ya mwalimu, "Sasa hii ndogo ni ya nani?"

Sebule nzima ikatafuta pa kutazama. Mjane alikuwa bado amesimama, na alitazama kalenda ukutani kana kwamba imeandikwa jambo muhimu sana. Akisema ni yake, wote wamejua. Asiposema, anarudi nyumbani bila chakula. Nikamwona Akinyi mlangoni ameshika fremu, uzito wote ameuweka kwenye mguu wa kushoto, na Mama Risper ameweka kikombe chake chini bila kukigonga. Kile kigoda cha Kibuye, Dada, nilikiona pale pale, katikati ya sebule.

Yule mnene akacheka. Akavuta omena na vitunguu na chumvi akavirudisha mfukoni, akajaza na yale magazeti.

"Ni yangu hii," akasema. "Daktari amenikataza nyama, amenikataza mafuta, amenikataza kila kitu kizuri. Nilitaka nile kama sungura kimya kimya nyumbani kwangu. Sasa huyu Mtaita amenitangaza kwa chama kizima. Akinyi, huyu mtu ulimtoa wapi?"

"Alikuja na gari la samaki," Akinyi akasema.

Wakacheka, wote, kicheko kile cha watu walioshushiwa mzigo. Mama Risper hakucheka. Aliuchukua mfuko wenye nyama, akaupanga upya mwenyewe, akamwekea mjane miguuni, akamwambia, "Mwalimu, chukua vitu vyako, chai inapoa." Huyo mama huitwa Mwalimu pale kwa heshima ya marehemu mume wake. Akaketi. Akanywa chai. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu.

Walivyomalizana wawili hao baadaye sijui. Niliuliza, Akinyi akaniambia kuna milango ambayo mimi sina kazi nayo. Ninachojua ni kwamba yule mke wa mwenye malori aliulipia ule mfuko wa nyama wote na hakutaka kurudishiwa kitu, na kwamba tulipokuwa tunatoka Mama Risper alimshika Akinyi mkono uani, na mimi nilisimama karibu nikijifanya natazama maua.

"Mwanangu, nilikuambia mtu akiaibika hapa, imeisha."

"Uliniambia, Mama."

"Leo hakuna aliyeaibika isipokuwa bwana yako. Huyo hatumhesabu. Jumamosi mlete mzigo, lakini yeye asiandike kitu."

Akinyi hakulala vizuri, nami sikulala kabisa. Aliogopa kwamba wamesema hivyo kwa adabu tu, na kwamba siku ya kuagiza itafika simu itakaa kimya. Siku ilipofika simu ikalia. Akaja mmoja, wakaja watatu, wakaja wote wa Kaloleni na wawili wapya. Mjane alikuwa wa mwisho. Aliagiza kikombe kimoja cha omena, vitunguu viwili na pakiti ya majani ya chai. Akinyi alilisoma agizo hilo mara mbili, akainuka, akalifungasha yeye mwenyewe kabla ya mengine yote, akajaza magazeti, akashona. Majina hakuna tena. Kila mama amechagua rangi yake ya uzi. Mwalimu alichagua kijani.

Jana Jumamosi nilipeleka mifuko na Ouma, safari moja, bila kufungua mdomo. Akinyi alibaki nyumbani, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Zamu ya mjane ilipofika aliinuka, akautambua mfuko wake kwa uzi, akaunyanyua kwa mkono mmoja, akamuaga kila mama kwa jina lake, akanigeukia na mimi. "Bwana Mwadime," akasema, "msalimie Akinyi." Kisha akatoka na mfuko wake, wima, saizi sawa na wa wenzake wote.

Ni mimi mdogo wako,
Mwadime